Dola kumi kwa wiki: kisa cha vocha za matunda na mboga huko Los Angeles

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanawake 602 wenye kipato kidogo, waliokuwa wamejifungua muda mfupi uliopita, waliandikishwa katika utafiti kwenye vituo vitatu vya WIC jijini Los Angeles. WIC ni mpango wa serikali ya Marekani wa kuwapatia chakula cha nyongeza wanawake wajawazito, waliojifungua, wanaonyonyesha, na watoto wadogo. Kundi moja lilipewa vocha za dola 10 kwa wiki za kutumia katika supamaketi, kundi la pili likapewa vocha za thamani hiyo hiyo za kutumia katika soko la wakulima, na kundi la tatu likapewa motisha ndogo isiyokuwa chakula ili liwe la kulinganishia. Vocha hazikuweza kununua chochote isipokuwa matunda na mboga zisizosindikwa. Zilitolewa kwa miezi sita, kisha zikakoma, na watafiti wakaendelea kufuatilia mlo wa wanawake hao kwa miezi mingine sita baada ya fedha kukatika.

Utafiti huo, ulioongozwa na Dena Herman na Gail Harrison wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, si mkubwa, na wala si mkamilifu, kama nitakavyoeleza. Nimeuchagua kwa sababu unajibu swali ambalo programu nyingi za lishe huliepuka: je, mwanamke maskini hali mboga kwa kuwa hajui faida yake, au kwa kuwa fedha iliyopo ina kazi nyingine ya haraka zaidi? Katika kisa hiki kilichobadilishwa ni fedha, kiasi chake na sharti lake, na majibu yake yaliingia katika sera ya taifa kwa namna ya kushangaza: wazo la vocha likakubaliwa, lakini kiasi kikapunguzwa mpaka kikawa kitu kingine kabisa.

Kapu lisilo na mboga

Sheria iliyoanzisha WIC kama jaribio ilipitishwa mwaka 1972, kituo cha kwanza kikafunguliwa Pineville, Kentucky, mwaka 1974, na mwaka uliofuata mpango ukafanywa wa kudumu chini ya Idara ya Kilimo. Walengwa ni wale ambao kipato cha kaya yao hakizidi asilimia 185 ya kiwango rasmi cha umaskini na ambao mtaalamu ameona kuwa wako katika hatari ya kilishe. Kapu la chakula lilipangwa kwa kuangalia virutubisho ambavyo wakati huo vilionekana kupungua kwa walengwa, yaani protini, chuma, kalisi, na vitamini A na C. Kwa hiyo likajazwa maziwa, jibini, mayai, nafaka za asubuhi zilizoongezwa chuma, juisi, maharage makavu au siagi ya karanga, na maziwa ya kopo kwa watoto wachanga.

Ukilitazama kapu hilo kwa macho ya mhasibu, lina mantiki nzuri: kila bidhaa ina ujazo unaojulikana, inakaa rafuni bila kuoza, na bei yake inakaguliwa kwa urahisi. Ukilitazama kwa macho ya mpishi, kuna pengo kubwa katikati yake. Kwa zaidi ya miaka 30 mpango wa taifa wa lishe ya wajawazito haukuwa na tunda hata moja katika kapu lake la kawaida isipokuwa lililokamuliwa likawa juisi, na mboga pekee isiyosindikwa ilikuwa karoti, iliyoongezwa mwaka 1992, tena kwa mama anayenyonyesha bila kumpa mtoto maziwa ya kopo ya mpango. Mwaka huo huo wa 1992 ulianzishwa mpango mdogo wa pembeni wa kuwapa walengwa kuponi za masoko ya wakulima, lakini thamani yake ilihesabiwa kwa mwaka mzima, na hata baada ya kupandishwa baadaye, fedha ya serikali kuu ilikuwa na kikomo cha dola 30 kwa mtu kwa mwaka.

Wakati huohuo wanawake hao walikuwa wakihubiriwa. Kampeni ya kula matunda na mboga mara tano kwa siku ilianzia California mwaka 1988 na kuwa ya taifa zima mwaka 1991, na vituo vya WIC vilikuwa miongoni mwa mahali ilipotangazwa kwa bidii. Mama alikuwa anakaa kwenye kikao cha elimu, anaelezwa umuhimu wa mboga za majani, kisha anakabidhiwa hati za kuchukulia maziwa na jibini. Sisemi hivyo kwa kebehi. Wahudumu walikuwa wanatoa kile ambacho sheria iliwaruhusu kutoa.

Kabla ya kuendelea ni haki kusema kwamba elimu ikifanywa vizuri huleta matokeo. Huko Maryland, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, vituo 16 vya WIC na wanawake zaidi ya 3,000 walishiriki katika mpango ulioendeshwa na waelimishaji rika, yaani wanawake wa hali moja na walengwa, waliofundishwa kuongoza vikao. Ulaji wa matunda na mboga uliongezeka kwa sehemu 0.56 kwa siku kwa walioelimishwa, dhidi ya 0.13 kwa wasioelimishwa. Sehemu moja kwa vipimo vya wakati huo ilikuwa tunda moja la wastani au nusu kikombe cha mboga zilizopikwa, kwa hiyo faida halisi ya kazi ile yote ilikuwa pungufu kidogo ya nusu ya tunda kwa siku. Si haba, lakini hiki ndicho kimo ambacho elimu iliyoandaliwa kwa uangalifu ilikifikia kwa wanawake ambao mfuko wao haukuguswa.

Kilichotokea vocha zilipotolewa

Jambo la kwanza lililoonekana Los Angeles ni kwamba vocha zilitumika. Takriban vocha tisa katika kila kumi zilirudi zikiwa zimenunuliwa bidhaa, katika supamaketi na katika soko la wakulima vilevile. Takwimu hii inaweza kupita bila kutazamwa, lakini mtu aliyewahi kusimamia ruzuku yoyote anajua kwamba hati nyingi za msaada huishia kwenye droo kwa sababu duka liko mbali, au muda umekwisha, au mwenye hati anaona haya kuitoa mbele ya watu. Hapa wanawake wenye watoto wachanga mikononi, wengi wao wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walizifuata mboga wiki baada ya wiki kwa nusu mwaka. Anayedai kwamba watu hawa hawapendi mboga inambidi aanze kwa kueleza takwimu hiyo.

Walichonunua pia kina maana. Machungwa, tufaha, ndizi, nyanya, karoti, letusi na brokoli vilikuwa miongoni mwa vilivyoongoza: vyakula vya kawaida kabisa, vinavyojulikana jikoni na vinavyoliwa na mtoto na mtu mzima. Hakuna aliyewapa orodha ya kuchagua. Lau kapu la serikali lingetengenezwa na kamati kwa mtindo wa zamani, pengine wangepewa kilo kadhaa za bidhaa moja iliyochaguliwa kwa wingi wa vitamini yake, na nusu yake ingeoza. Mama alijua nini kitaliwa nyumbani kwake, na uchaguzi uliachwa kwake.

Kuhusu ulaji wenyewe inabidi msomaji awe mwangalifu, kwa sababu watafiti hawakuripoti sehemu kwa siku bali sehemu kwa kila kilokalori 1,000 za chakula kilicholiwa. Njia hiyo ina faida ya kuondoa tofauti kati ya mwanamke anayekula sana na anayekula kidogo, lakini humchanganya anayesoma haraka. Kundi la soko la wakulima liliongeza sehemu 1.4 kwa kila kilokalori 1,000 kutoka mwanzo wa utafiti hadi mwisho wa vocha, na kundi la supamaketi liliongeza sehemu 0.8. Mwanamke anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, kwa hesabu hiyo, angekuwa ameongeza sehemu zaidi ya moja na nusu katika supamaketi na karibu tatu katika soko la wakulima. Hata tukikata kiasi fulani kwa sababu watu wanaohojiwa kuhusu mlo wao hupenda kumpendeza anayehoji, matokeo haya yako mbali na nusu ya tunda ya Maryland. Sizilinganishi namba mbili hizi kana kwamba zimepimwa kwa mizani moja. Vipimo ni tofauti, wanawake ni tofauti, na elimu ile ilikuwa na gharama ndogo zaidi kwa kila mtu. Ninachosema ni kwamba ukubwa wake ni wa daraja jingine.

Jambo la tatu ndilo lililonivuta. Miezi sita baada ya vocha kukoma, ongezeko lilikuwa halijapotea.

Nadharia nyepesi ya ruzuku ingetabiri kinyume: bei ikishuka watu wananunua, bei ikirudi juu wanaacha. Kwa nini wanawake hawa hawakuacha? Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu zaidi yanatokana na jinsi umaskini unavyoingia katika uamuzi wa kupika. Mwanasosholojia Caitlin Daniel, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliotokana na mahojiano na wazazi wa eneo la Boston, alionyesha kwamba wazazi wenye kipato kidogo huepuka kununua chakula ambacho mtoto anaweza kukikataa, kwa sababu chakula kilichokataliwa ni fedha iliyotupwa na bado mtoto ana njaa. Mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya kati ya mara 8 na 15 kabla hajakikubali. Mzazi mwenye nafasi hulipia majaribio hayo bila kuyaona, sahani ya brokoli inakwenda kwenye pipa na maisha yanaendelea. Mzazi asiye na nafasi hawezi kulipia hata jaribio la tatu, hivyo anarudi kwenye chakula ambacho ana hakika kitaliwa.

Vocha ya dola 10 kwa wiki kwa miezi sita ni sawa na kulipiwa gharama ya majaribio hayo. Ikiwa mboga imekataliwa wiki hii, wiki ijayo kuna vocha nyingine ambayo haiwezi kununua kitu kingine hata kama mama angetaka, kwa hiyo anajaribu tena, anaipika namna nyingine, anaichanganya na kitu wanachokipenda. Vocha inapokoma, familia imeshajua kula vitu vichache ambavyo haikuvijua, na hatari ya kuvinunua kwa fedha yake yenyewe imepungua. Watafiti wa Los Angeles hawakupima jambo hili moja kwa moja, hivyo maelezo haya ni yangu. Yanaendana lakini na urefu wa muda uliotolewa, na yanaeleza kwa nini vocha moja ya mara moja isingetosha.

Udhaifu wa utafiti

Vituo vilikuwa vitatu tu. Kila mtaa una maduka yake, bei zake na usafiri wake, na ikiwa kundi moja limetoka kwenye mtaa wenye hali nzuri zaidi ya ununuzi, tofauti hiyo inaweza kujificha ndani ya matokeo. Kwa hiyo sikubaliani na wale waliolichukua ongezeko kubwa la soko la wakulima na kulifanya hoja ya kwamba wanawake maskini wapelekwe kwenye masoko hayo badala ya maduka. Inawezekana soko lilisaidia kwa sababu ya ubichi wa mazao au kwa sababu muuzaji humjua mteja wake na kumwongezea kidogo. Inawezekana pia kwamba soko linalofunguliwa siku moja kwa wiki humlazimisha mnunuzi kuchukua mzigo wa wiki nzima na kuupika kabla haujaharibika. Lakini siku hiyo hiyo moja kwa wiki ni kikwazo kwa mwanamke ambaye zamu yake ya kazi inaangukia hapo, na wanaoacha kwenda hawaonekani katika wastani.

Vilevile kilichopimwa ni mlo wa mama, ilhali dola 10 ziliingia kwenye sufuria ya kaya nzima. Mama hajinunulii machungwa akayala peke yake. Ikiwa ulaji wake binafsi uliongezeka kiasi kile huku akigawana na wengine, basi ama familia ilikuwa inaongeza fedha yake juu ya vocha, ama mboga zilikuwa nafuu kiasi cha kutosha wote. Swali hilo halikujibiwa.

Kutoka dola kumi kwa wiki hadi nane kwa mwezi

Mwaka 2005 kamati ya Taasisi ya Tiba ya Marekani, iliyokuwa imeombwa na Idara ya Kilimo kulipitia kapu la WIC, ilipendekeza kwamba vocha ya fedha kwa ajili ya matunda na mboga iingizwe ndani yake, na uzoefu wa Los Angeles ulikuwa sehemu ya hoja kwamba jambo hilo linawezekana. Kanuni ya mpito ilitolewa Desemba 2007, na majimbo yakapewa mpaka Oktoba 2009 kuitekeleza. Marekebisho hayo hayakuruhusiwa kuongeza gharama ya mpango kwa ujumla, kwa hiyo kila dola ya mboga ilibidi itoke katika bidhaa nyingine: juisi ikapunguzwa, maziwa na mayai yakapunguzwa. Kilichobaki baada ya kukata na kugawa ni dola 8 kwa mwezi kwa mwanamke na dola 6 kwa mtoto.

Dola 10 kwa wiki ni dola 43 na senti kadhaa kwa mwezi. Sera ya taifa basi ilichukua wazo lililojaribiwa na kulipa chini ya moja ya tano ya kipimo kilichojaribiwa. Dola 8 kwa siku 30 ni kama senti 27 kwa siku. Hakuna daktari ambaye angeandika moja ya tano ya dozi iliyofanyiwa majaribio kisha akamlaumu mgonjwa kwa kutopona.

Tatizo ni zaidi ya udogo wa kiasi, na hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa chote. Vocha yenye sharti hufanya kazi ya vocha pale tu inapozidi kile ambacho kaya ingekitumia kwa bidhaa hiyo hata bila vocha. Tuseme familia kwa kawaida hununua matunda na mboga za dola 20 kwa mwezi. Ukiipa vocha ya dola 8, inaweza kuitumia yote kwa mboga zile zile ilizokuwa inazinunua, na dola 8 taslimu zilizookolewa zikalipia sabuni, nauli au umeme. Hakuna udanganyifu wowote hapo. Sharti limetimizwa na mlo haujabadilika. Ukiipa vocha ya dola 43, haiwezi kuimaliza bila kununua mboga zaidi ya ilivyozoea. Kwa maneno mengine, kati ya kiasi kidogo na kikubwa kuna kizingiti, na chini ya kizingiti hicho vocha ni nyongeza ya kipato iliyovaa nguo za lishe.

Ukweli unanilazimu kusema kwamba hata dola 8 zilifanya kitu. Tafiti za manunuzi baada ya 2009 zilionyesha kuwa kaya za WIC ziliongeza ununuzi wa matunda na mboga, ambayo ina maana kwamba kaya nyingi zilikuwa karibu na kizingiti kuliko hoja yangu inavyopendekeza, au kwamba watu huichukulia fedha yenye jina tofauti na fedha isiyo na jina. Kulikuwa na athari nyingine ambayo jaribio la Los Angeles lisingeweza kuionyesha. Kanuni iliyataka maduka yanayopokea hati za WIC yaweke angalau aina mbili za matunda na aina mbili za mboga. Watafiti waliochunguza maduka huko Connecticut na Philadelphia waliona kuwa vyakula bora viliongezeka rafuni, hata katika maduka madogo ya mitaa maskini. Mwenye duka dogo haweki nyanya ambazo hana uhakika wa kuziuza, lakini akijua kwamba kila mwezi kuna wateja wenye vocha ambayo haiwezi kununua soda, anaweka. Na nyanya zikishakuwepo, zinanunuliwa pia na jirani asiye na vocha.

Kwenye kaunta mambo hayakuwa laini. Mfumo mzima wa WIC ulikuwa umejengwa juu ya bidhaa zenye ujazo maalumu, na sasa keshia alitakiwa kupima ndizi kwenye mizani na kulinganisha na hati ya karatasi yenye thamani ya fedha. Hati haikurudisha chenji. Aliyenunua pungufu alipoteza kilichobaki, na aliyezidisha kwa senti 40 alitegemea jimbo lake kama linaruhusu kulipa tofauti mfukoni au linamlazimu kurudisha tunda moja rafuni huku foleni ikimtazama. Ni kanuni ya mwisho ya Machi 2014 iliyoyataka majimbo yote kumruhusu mnunuzi aongezee fedha yake. Kadi za kielektroniki, ambazo Bunge liliagiza zitumike kote ifikapo Oktoba 2020, ziliondoa sehemu nyingine ya aibu hiyo, kwa kuwa salio la kadi hubaki mpaka mwisho wa mwezi.

Kisha kulikuwa na suala la viazi. Kanuni ya 2007 ilivitoa viazi vyeupe katika orodha ya vinavyonunulika kwa vocha, kwa hoja kwamba Wamarekani walikuwa tayari wanavila vya kutosha. Wenye maslahi katika viazi hawakunyamaza, na mwishoni mwa 2014 Bunge likaamuru viruhusiwe. Nimesoma kurasa nyingi za mabishano hayo, na ninakiri kwamba sijashawishika kuwa yalistahili nguvu iliyotumika, kwani wakati pande mbili zilipokuwa zikigombania kama mama anunue kiazi, hakuna kati yao aliyeuliza kwa sauti hiyo hiyo kama dola 10 kwa mwezi, kiasi kilichokuwa kimefikiwa wakati huo kwa wanawake, zinatosha kununua chochote.

Kiasi kinarudi

Mwaka 2021, kwa sababu ya janga la korona na si kwa sababu ya mjadala wa lishe, sheria ya uokoaji wa uchumi iliyopitishwa Machi iliruhusu vocha ipandishwe hadi dola 35 kwa mwezi kwa kila mwanamke na mtoto kwa miezi minne. Kabla ya hapo ilikuwa dola 11 kwa mwanamke na dola 9 kwa mtoto. Kuanzia Oktoba mwaka huo viwango vikapangwa upya kwa kufuata mapendekezo ya kisayansi ya mwaka 2017: dola 24 kwa mtoto, dola 43 kwa mjamzito au aliyejifungua, na dola 47 kwa anayenyonyesha.

Dola 43 ni ile ile dola 10 kwa wiki ya Los Angeles. Sidhani kuna aliyekusudia ulingano huo. Kiwango kipya kilikokotolewa kwa kulenga kugharimia nusu ya matunda na mboga zinazopendekezwa. Hata hivyo karibu miaka 20 ilipita kabla mwanamke wa kawaida wa WIC hajapewa kwa hesabu ya jina kile walichopewa wanawake wa Los Angeles waliopata vocha, na kwa hesabu ya thamani bado hajakipata, kwa kuwa katika kipindi hicho bei kwa jumla zilipanda kwa takriban nusu.

Ulinganisho na jaribio jingine unasaidia kuona jambo hili vizuri. Katika kaunti ya Hampden, Massachusetts, mwaka 2011 na 2012, kaya 7,500 zinazopokea msaada wa kawaida wa chakula, SNAP, zilichaguliwa kwa bahati nasibu na kurudishiwa senti 30 kwa kila dola waliyoitumia kwa matunda na mboga. Mpango huu ulipangwa kwa ustadi mkubwa kuliko ule wa Los Angeles, na matokeo yake yanaaminika zaidi: washiriki walikula karibu robo kikombe zaidi kwa siku, sawa na asilimia 26 juu ya wasioshiriki. Lakini angalia tofauti ya muundo. Hampden mama alitakiwa kwanza atoe dola moja ya msaada wake ndipo arudishiwe senti 30. Gharama ya jaribio lililokataliwa na mtoto ilipungua kwa chini ya theluthi, na sehemu kubwa ikabaki juu yake. Los Angeles gharama hiyo iliondolewa yote mpaka kikomo cha vocha. Kama maelezo yangu kuhusu majaribio ya mezani ni sahihi, tofauti ya matokeo si ajabu.

Viwango vya 2021 viliendelea kurefushwa mwaka hadi mwaka katika bajeti, huku kila mara kukiwa na hofu ya kurudishwa chini, na katika mjadala wa bajeti ya 2024 Baraza la Wawakilishi lilipitia pendekezo la kuvikata kwa zaidi ya nusu. Halikupita. Aprili 2024 Idara ya Kilimo ilitoa kanuni inayovifanya kuwa vya kudumu na kuvifungamanisha na mfumuko wa bei. Kwa mwaka huo vilikuwa dola 26 kwa mtoto, 47 kwa mjamzito au aliyejifungua, na 52 kwa anayenyonyesha, na juisi ikapunguzwa tena ili kupisha matunda kamili.

Kinachobaki wazi ni muda. Mwanamke asiyenyonyesha hutoka kwenye mpango miezi sita baada ya kujifungua, na anayenyonyesha hutoka mtoto anapofikisha mwaka mmoja, ilhali mtoto anaweza kubaki mpaka atimize miaka mitano. Siku mama anapotolewa, kaya iliyokuwa na vocha yake na ya mtoto hubaki na ya mtoto peke yake, na katika kaya yenye njaa mama ndiye anayepakua mwisho. Ushahidi wa Los Angeles unasema kwamba miezi sita baada ya fedha kukoma alikuwa bado anakula mboga zaidi kuliko mwanzo. Ufuatiliaji uliishia hapo, na watoto waliozaliwa mwaka ule walikuwa ndio kwanza wanaanza kuonja chakula cha familia.